Kona ya Dada: Urafiki Usiishie Kwenye Kaunta

Leo nina barua mbili tu, na ya kwanza itameza karibu ukurasa mzima, kwa hivyo vuteni viti.

Anayeandika ni binti wa Kayole mwenye miaka 24. Ni fundi wa mapazia katika duka moja Eastleigh, ndani ya mojawapo ya majengo yale ya biashara ya First Avenue. Kwenye kaunta huketi na msichana Msomali wa rika lake, mpwa wa mwenye duka. Wamezoeana mpaka mmoja akikohoa mwenzake anajua ni mteja wa aina gani ameingia. Wanagawana sambusa, wanatunziana siri. Sasa yule msichana anaolewa, na amemwalika harusini. Binti aliporudi Kayole na habari hiyo, mama yake alimwambia: "Hao watu wanakuchekea kazini kwa sababu unawafaa. Nyumbani kwao wewe si mtu." Shosho, ambaye wanaishi naye na ambaye alikulia Bahati, hakusema neno. Swali la binti ni fupi: "Dada, niende? Na nikienda, si nitakuwa nimemkanyaga mama?"

Nenda. Wenye haraka wanaweza kufunga ukurasa hapa. Wewe mwenye barua baki, maana harusi ndiyo kazi nyepesi kuliko zote zilizo mbele yako.

Tuanze na mama, na tusimwite mkabila halafu tukadhani tumejibu. Mama yako alikuwa Nairobi hii hii miaka ya mashambulizi ya guruneti. Tarehe 18 Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu Eastleigh likaua abiria, na nusu ya Eastlands ilishika simu kuulizana nani amefika nyumbani. Mwaka uliofuata likaja shambulio la jengo la maduka la Westgate, wakafa watu 67. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri kama wako wa sasa. Hofu ya namna hiyo haimtoki mtu kwa kuambiwa kwamba rafiki yako ni mpole. Na hilo la dharau hakulibuni. Eastleigh kuna mashangazi ambao wakikuta nywele kama zangu na zako zimeketi sebuleni kwao watakukagua kuanzia utosini hadi kwenye kandambili, na kuna majina wanayotuita wakidhani hatuelewi. Tunayaelewa.

Upande wa pili nao una yake. Siku moja tu baada ya bomu lile la 2012, vijana waliingia mitaani wakipiga mawe nyumba na maduka ya Wasomali, utadhani kila aliyejifunga hijabu alishika waya wa bomu. Kisha Aprili 2014 serikali ikaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Askari waligonga milango ya Eastleigh usiku, wakasomba maelfu ya watu, wengine wakapelekwa kuchunguzwa katika uwanja wa Kasarani, ule ule tunaoenda kushangilia mpira. Walikuwamo Wakenya wenye kipande mfukoni. Rafiki yako alikuwa mtoto wa shule wakati huo. Siku moja ya utulivu, mbali na shamrashamra za harusi, muulize wiki ile kwao ilikuwaje. Nina hakika hamjawahi kuligusa hilo kwenye kaunta.

Hapa ndipo ninapomhitaji shosho. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliufunga mji wa Nairobi kwa operesheni waliyoiita Anvil. Askari walipita mtaa hadi mtaa wakiwatenga Wakikuyu, Waembu na Wameru kutoka kwa Waafrika wengine. Makumi ya maelfu walichujwa. Wanaume wakaishia katika kambi kama Mackinnon Road na Manyani, wanawake na watoto wakapakiwa kurudishwa mashambani. Mtu wa Bahati hawezi kuwa hakuisikia habari hiyo, hata kama alikuwa bado anabebwa mgongoni. Hesabu mwenyewe: miaka 60, mwezi ule ule wa Aprili, upande ule ule wa mji. Yaliyosababisha operesheni hizi mbili hayafanani na sitaki uyafananishe. Linalofanana ni kwamba mtu aliulizwa kabila kabla hajaulizwa alifanya nini.

Basi jioni moja mkiwa mnachambua maharagwe, mwambie shosho akusimulie Bahati ya utoto wake. Mama awe karibu, asikie. Na shosho akimaliza, tafadhali mdogo wangu, usidakie kusema "unaona sasa, hata Wasomali walifanyiwa hivyo." Funga mdomo. Mama yako ana akili, atafika mwenyewe, na akifika mwenyewe hatarudi nyuma. Ukimvuta mkono atakaza miguu.

Wengine wangekushauri umsimulie basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lililotoka Nairobi lilivamiwa na wanamgambo wa al-Shabaab karibu na El Wak, wavamizi wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo, Waislamu wakakataa. Wanawake waliwavisha wenzao hijabu. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Filamu ya Watu Wote ilitokana na mkasa huo. Namheshimu marehemu kwa moyo wote, lakini mimi siipendi hoja hii inapoletwa mezani. Ukimthibitishia mama utu wa Wasomali kwa yule aliyekufa kwa ajili yetu, umeweka bei ambayo rafiki yako hawezi kuilipa. Yeye anauza vitambaa. Anataka uje umchezee ngoma siku yake, basi.

Sasa twende kwenye kaunta yenyewe, maana ndiko kuliko na shida.

Wako watu wanaopenda kusema kwamba tukikaa pamoja tutapendana. Hao hawajawahi kupanga ploti. Kwenye ploti mna mfereji mmoja, choo kimoja mwisho wa korido, kamba moja ya kuanikia nguo, ukuta wa mabati unaopitisha hata kikohozi cha mtoto wa jirani. Na bado baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu wa Mathare, Huruma na Kariobangi walifukuzana, na waliofukuzana walijuana kwa majina, walikuwa wamekopeshana chumvi wiki ile ile. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Mkataba wa amani ulipotiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, wengi walikuwa wameshahamia kwa "watu wetu", na wengine hawakurudi tena walikotoka.

Mwaka 1954, ndiyo, mwaka huo huo wa Anvil, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Gordon Allport alitoa kitabu kuhusu chuki za kundi kwa kundi. Alisema kukutana peke yake hakutoshi. Wanaokutana wawe na hadhi sawa mahali pale, wawe na lengo moja, walifikie kwa kusaidiana badala ya kushindana, na wenye mamlaka wawe upande wao. Mwaka 2006 watafiti wawili, Thomas Pettigrew na Linda Tropp, walizikusanya tafiti 515 wakaona kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki, na masharti ya Allport yakiwepo hupunguza zaidi. Sasa ipime ploti kwa kipimo hicho. Mfereji ni mmoja, lakini foleni ya mfereji ni vita vya madumu kila alfajiri. Tumepewa ukaribu, tukanyimwa kazi ya kufanya pamoja. Wewe na rafiki yako mmebahatika kuwa nayo: pazia lisipotoka sawa, mteja anawagombeza wote wawili.

Lakini sikiliza na utafiti huu, kwa sababu ndio ulionifanya nikuambie nenda bila kusita. Mwaka 2020 mtafiti aitwaye Salma Mousa alichapisha matokeo ya kazi yake kaskazini mwa Iraq. Baada ya vita vya ISIS aliandaa ligi ya mpira ya Wakristo waliokuwa wamefurushwa makwao. Baadhi ya timu ziliongezewa wachezaji Waislamu, nyingine zikaachwa Wakristo watupu. Ligi ilipokwisha, waliochanganywa walikuwa tayari zaidi kuendelea kufanya mazoezi na Waislamu, na hata kumpigia kura ya tuzo Mwislamu wa timu nyingine. Kwenda kula katika mkahawa wa Mosul, mji wenye Waislamu wengi? Hapo hawakutofautiana na wenzao. Kuhudhuria tafrija ya watu mchanganyiko? Vilevile. Mapenzi yalibaki uwanjani.

Ndiyo hali yako hiyo, mdogo wangu. Saa kumi na mbili jioni unachukua mkoba, yeye anapanda kwenda Section Three, wewe unatafuta matatu ya Kayole, na mkishaachana kila mmoja anarudi nyumbani ambako mwenzake ni mmoja wa "hao watu". Asubuhi mnaanza tena kugawana sambusa. Mnaweza kuendelea hivyo hadi mzeeke. Mwaliko wa harusi ni mara ya kwanza mmoja wenu kuufungua mlango wa kutoka dukani, na aliyeufungua ni yeye, tena akijua fika kwamba mashangazi watamsema. Usidhani kwake ni rahisi.

Mama naye ana kaunta yake. Umeandika kwa kupitia tu kwamba huchukua shuka Eastleigh kwa mfanyabiashara Msomali anayempa mzigo bila karatasi, akauza Kayole, akarudisha pesa mwisho wa wiki. Mtu anayekuamini na mali yake kwa neno la mdomo, halafu hujui ana watoto wangapi! Nairobi tunaliweza hili kuliko miji yote.

Kuna jambo hukuliandika ila nimelisoma katikati ya mistari. Mjomba wake ndiye anayekulipa. Nyinyi wawili hamko sawa pale dukani hata kama sambusa mnagawana sawa, na urafiki usiotazama hilo machoni huharibika kwa njia ya kijinga. Kwa hiyo, ukiwa na shida ya mshahara, iseme kwa mwenye duka, usimtume rafiki yako. Usimkope pesa hasa kipindi hiki. Na zawadi yako ya harusi isiwe ya kujilazimisha mpaka ukakope kwenye chama ili uonekane. Wewe ni fundi. Nunua kitambaa kwa pesa yako, mshonee mapazia ya nyumba yake mpya. Katika ukumbi mzima hakutakuwa na mwingine aliyeleta hivyo.

Ya harusi yenyewe nitayapitia haraka. Kwa kawaida wanawake huwa na sherehe yao peke yao, nayo huchelewa, kwa hivyo panga kulala, mwambie mama mapema utalala kwa nani, na asubuhi na mapema umpigie. Usinyooshe mkono kumsalimu mwanamume mpaka anyooshe yeye. Wanawake huko ndani watavua hijabu, watavaa dirac zao nyepesi zinazong'aa, wataimba mashairi ya buraanbur na kucheza. Usipige picha hata moja bila kuuliza, na ukiruhusiwa usiirushe kokote. Ukiazimwa dirac, vaa. Usijifiche pembeni na simu ukimsubiri bi harusi akuokoe, maana siku hiyo hana nafasi. Shika sinia, saidia kugawa. Mwanamke anayesaidia jikoni haulizwi alikotoka kwa muda mrefu. Shangazi mmoja akikununia, mwache anune. Hukumwendea yeye.

Halafu kuna kauli moja ninayotaka uiogope. Utarudi nyumbani, utasimulia, na kama mambo yataenda vizuri mama atalainika, atasema: "Huyo wako ni mzuri. Si kama wenzake." Utafurahi. Usifurahi. Hapo mama amemtoa rafiki yako kutoka kwa watu wake ili asilazimike kubadilisha mawazo juu ya watu wenyewe. Nasi hufanya hivyo hivyo kwa Mjaluo mmoja, Mkamba mmoja, Mkikuyu mmoja, kila mtu ana mmoja wake aliyemwekea kiti, na wengine wote wamebaki nje. Ukiambiwa hivyo jibu kwa upole: "Mama, kuna wengi kama yeye, ni vile hatujawahi kuwafikia." Usigombane. Rudia tu kila likitokea.

Baadaye mlete Kayole. Hii ndiyo kazi ngumu niliyokuahidi. Usimlete kama mgeni rasmi wa kuketi kwenye sofa na soda mkononi huku mama akimtazama kama bidhaa. Mlete apime madirisha ya mama. Yeye ashike futi, wewe uandike vipimo, mama achague rangi. Watakosana juu ya rangi, na hakuna kitu kizuri kama watu wawili kukosana juu ya rangi ya pazia badala ya dini. Chakula usikifanye mtihani: chapati na ndengu hazina swali, na ukitaka nyama, nunua katika bucha ya halali.

Aje mchana. Wewe na mimi tunajua kwa nini. Msomali akisimamishwa na askari njiani huulizwa kipande kwa namna ambayo mimi na wewe hatuulizwi, na mara nyingi maswali huishia kwenye mkoba. Miaka mingi hata kukipata kipande kwenyewe kulikuwa na mlango wa ziada: Wasomali wa Kenya walipigwa msasa mwaka 1989 na kupewa kadi za kuonyesha kwamba ni Wakenya, na majopo ya kuwahoji vijana wa mikoa ya mpakani yaliendelea hadi Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza akiwa Wajir kwamba yameondolewa. Mkisimamishwa mkiwa wawili, usirudi nyuma hatua mbili ukajifanya mpita njia. Simama naye, toa chako pia, ongea kwa heshima, subiri hadi aachwe.

Mwisho ni kile kikundi cha WhatsApp cha ukoo wenu, ambako picha na vichekesho juu ya Wasomali hupita kila mara kukitokea jambo. Tume ya Kitaifa ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilitoa mwaka 2022 orodha ya maneno ya chuki ya kuangaliwa wakati wa uchaguzi, lakini tume haimo katika kikundi chenu. Wewe umo, na mnaongea kwa lugha ambayo rafiki yako haielewi. Sitaki uhubiri. Andika mstari mmoja: "Mjomba, nafanya kazi na hawa watu, hii si kweli." Kisha nyamaza, uendelee kutuma salamu za kuzaliwa kama kawaida. Wachache watakukasirikia. Wawili au watatu waliokuwa wamenyamaza watakuandikia pembeni.

Barua ya pili ni ya mama wa Umoja anayeishi ndani ya kota yenye lango na mlinzi. Mwanawe wa miaka tisa anatoroka kwenda kucheza mpira na watoto wa vibanda vya upande wa pili wa barabara, naye anaogopa atajifunza matusi na wizi.

Matusi, mama, atajifunza hata kwenye basi la shule. Wasiwasi wa usalama naukubali, mtoto wa miaka tisa hapaswi kuzurura bila mtu mzima. Lakini lango halitamfundisha chochote ila kwamba ng'ambo ya barabara kuna watu wa kuogopwa, na akikua atawaajiri au kuwapigia kura akiwa na fikra hiyo hiyo. Tafuta timu yenye kocha, ambako wote wanafuata ratiba moja. Eastlands tuna mfano wa kujivunia: MYSA, jumuiya ya michezo ya vijana iliyoanzishwa Mathare mwaka 1987 na Bob Munro, ambako timu hupata alama za ligi kwa kuzoa taka mtaani na si kwa mabao tu. Kutokana nayo ilizaliwa Mathare United mwaka 1994, na ikachukua ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008, mwaka ule ule ambao Mathare iliuanza ikichomeka.

Ila usimpeleke mtoto na begi la nguo kuukuu za kugawia wenzake siku ya kwanza. Utamfanya mfadhili kabla hajawa mchezaji. Ukibeba maji, beba ya timu nzima. Na siku ya kuzoa taka njoo na glavu zako, ushike koleo pamoja na wazazi wengine. Huanza mapema, kabla ya jua kali.